Kiswahili cha Mama Mdogo Elena

Mawese yakichemka popote, hata jikoni kwa jirani, mimi narudi Ujiji. Narudi kwenye ua wa Shangazi Mwamvua, ambako sufuria lilitoa harufu nzito, tamu, ya kukwangua koo, na moshi ambao nadhani Wakongo ng'ambo ya ziwa nao waliukohoa.

Pembeni ya sufuria hilo ndipo Mama mdogo Elena alipofundishwa Kiswahili. Baba mdogo alikwenda Bulgaria kusomea injini za meli, akarudi na cheti na mke mrefu kama mlingoti. Ukimwondoa mumewe, hakuna aliyejua lugha yake. Shangazi akajiteua mwalimu, na sauti yake, jamani, ingesimamisha treni kabla haijafika stesheni.

Kila neno lilipita kwake kwanza. Lete. Chota. Pepeta. Samahani, wifi. Na kwa kila swali, jibu moja: ndiyo. Elena akijibu hivyo, sisi watoto tuliamriwa kupiga makofi, tukapiga mpaka viganja vikavimba kama maandazi.

"Na hapana je?" mama yangu aliuliza siku moja.

"Ya nini, wifi? Mgeni ukimpa maneno yote kwa mpigo atavimbiwa," Shangazi alisema, akatukataza sote kumwongezea hata moja.

Kisha Baba mdogo akataka kuoa tena, binti wa shoga yake Shangazi. Wazee wakakataa mpaka mke mkubwa akubali kwa kinywa chake mwenyewe. Elena akakalishwa mkekani, kanga mpya kichwani, anatabasamu.

"Mama, umeridhia mumeo aongeze mke?"

Akamtazama mumewe, mtu pekee wa kumtafsiria. Baba mdogo akawa anakagua kucha zake kama injini mbovu.

"Ndiyo, mzee," akasema Elena.

Shangazi akapiga vigelegele. Elena naye akapiga. Hivyo pia alikuwa ameshafundishwa. Mama yangu peke yake aliinuka akaingia ndani. Mimi nikasema moyoni, duniani hakuna mwanamke mkarimu kama huyu.

Miaka mingi baadaye, mtu mzima na ndevu zangu, nilijiandikisha masomo ya jioni ya Kiingereza. Somo la kwanza kabisa lilikuwa ndiyo na hapana, ubaoni, bega kwa bega. Wenzangu wakaimba pamoja na mwalimu. Mimi nikaandika hapana peke yake, ukurasa mzima.

Maana nilikuwepo siku bibi harusi mpya alipoletwa. Elena alimwangalia, akamgeukia Shangazi, nyusi juu, akisubiri neno.

"Mke mwenza," Shangazi alisema. "Haya, sema."

"Karibu, mke mwenza," Elena akamwambia yule binti, akamtua mzigo, akamvutia kigoda.

Kiswahili chake siku hiyo hakikuwa na kosa hata moja.