Sare ya Mtoto Asiye na Mtu

Mimi ni fundi cherehani, na ni msemaji. Wateja wangu wa Chikongola wanajua kwamba ukileta suruali ya kukata miguu utaondoka na suruali pamoja na hotuba. Mke wangu husema cherehani yangu inapumzika, mdomo haupumziki. Kwa hiyo siku ile niliposhikwa na ububu kwenye baraza ya shirika, wanaonijua wangekuwepo wangeniita mgonjwa.

Shirika lenyewe ni dogo, limepanga nyumba mtaa wa pili kutoka kibandani kwangu. Linasaidia watoto ambao kwa lugha ya ofisi huitwa watoto wanaoishi katika mazingira magumu. Linawakatia bima ya afya, linawanunulia madaftari, na shule zikikaribia kufunguliwa Januari linawashonea sare. Mwaka jana kazi ya sare nilipewa mimi. Nilifurahi, na furaha yangu haikai ndani. Niliwatangazia majirani, nikawatangazia na mama lishe.

Afisa wa shirika ni dada kijana aliyetokea Kaskazini, mpole, mwenye kicheko cha karibu. Asubuhi hiyo gari lao lilileta watoto kutoka kata za vijijini, wengine wakiwa na vumbi la njiani hadi kwenye nyusi. Tukawapanga foleni barazani. Mimi nikawa napima, yeye anaandika, na mdomo wangu ukawa unafanya kazi yake.

"Hawa wote ni yatima?" nikamuuliza.

"Wengi wao, fundi. Wengine wana baba lakini hajulikani alipo."

Hapo ndipo nilipoanza. Kuna mambo yakiguswa kwangu siwezi kunyamaza, na hilo ni moja.

"Dada yangu, hilo neno mmekuja nalo nyie wa huko juu. Kwetu Wamakonde ntoto ni wa ukoo wa mama. Baba afe, baba avuke Ruvuma akaoe Msumbiji asirudi, ntoto ana mwenyewe. Mwenyewe ni njomba, kaka yake mama. Njomba yupo, uyatima utoke wapi? Nyie mnaona ntoto hana baba mnakimbilia kumpeleka kituoni. Sisi ntoto wetu kulelewa kituoni ni aibu ya ukoo mzima!"

Nilisema kwa sauti ya sokoni, na niliona kabisa kwamba watoto wa mbele kwenye foleni wananisikiliza. Nikanogewa. Afisa akacheka, akasema atakumbuka somo hilo, kisha akaita mwingine.

Mtoto aliyefuata nilianza kumjua kwa gauni. Lilikuwa gauni la kitenge lililombana makwapani, upindo wake umeteremshwa mpaka mwisho, mstari wa pindo la zamani ukionekana kama kovu. Mishono ile ilikuwa yangu. Nafunga uzi kwa namna yangu, hakuna fundi mwingine mjini anayefunga hivyo. Nikajiuliza mteja gani huyu, na kabla sijajijibu nikamwangalia usoni.

Alikuwa mtoto wa dada yangu.

Tuseme vizuri ili asiyetujua atuelewe. Mama yangu na mama yake dada huyo ni ndugu wa tumbo moja, na kwetu huyo ni dada kamili, hakuna neno la kumsogeza mbali. Hakuwa na kaka mwingine zaidi yangu. Alipofariki, siku ya matanga waliuliza mjomba wa mtoto ni nani, nami nikanyoosha mkono mbele ya watu wote. Nikasema korosho zikiisha nitakuja kumchukua. Kwa wakati ule abaki kijijini Mpapura na bibi yake, yaani mama yangu mdogo. Korosho ziliisha, zikaja nyingine, zikaisha nazo. Mimi nikawa natuma gauni la Idi na maneno matamu kwa kila aliyekuwa anakwenda upande ule.

Sasa alikuwa mbele yangu, amerefuka, shingo ya mama yake. Alikuwa wa kwanza kwenye foleni muda wote nilipokuwa nahubiri. Alikuwa amesikia neno kwa neno.

"Shikamoo, fundi," akasema.

Akanyoosha mikono pembeni apimwe, kama alivyoona wenzake wanafanya. Hakuwa ameniita fundi hata siku moja maishani mwake. Alikuwa akiniita njomba, tena kwa kupiga kelele, akinikimbilia kutoka uani. Nilielewa papo hapo kwamba ananisitiri. Mtoto wa darasa la tano alikuwa amepima hali yangu haraka kuliko nilivyompima yeye kiuno, akaona ataniaibisha akiniita kwa jina langu la kweli.

Nikaitikia marahaba.

Afisa akainama karibu yangu, akapunguza sauti lakini si ya kutosha. "Huyu ndiye anayetuumiza kichwa. Mama alifariki. Baba alivuka mto. Upande wa baba tumezunguka kote, hakuna mtu. Bibi anayeishi naye macho yamekwisha, juzi nusura achome nyumba akipika. Siku ya kugawa sare asipojitokeza ndugu wa kumchukua, ataondoka na sisi kwenda kituoni, nje ya mkoa. Ustawi wa jamii wameshakubali." Kisha akanitania, bila ubaya wowote: "Haya, fundi, wa huyu njomba wake yuko wapi?"

Walikuwa wameulizia upande wa baba tu, wa mama hakuna aliyeulizwa. Kwa watu wa Kaskazini huko ndiko ndugu wanakotafutwa, na afisa alikuwa amehangaika kwa moyo mweupe kubisha hodi katika nyumba ambazo kwa mila zetu hazidaiwi chochote. Neno moja kutoka kwangu lingemaliza kazi yake. Nikang'ata ncha ya futi ya kupimia, nikajifanya nahesabu. Mtoto alikuwa anaangalia mti uliokuwa nje ya uzio. Nikamtajia afisa kifua, kiuno, urefu wa sketi, na sauti iliyotoka sikuitambua.

"Asante, fundi," mtoto akasema, akaenda kukaa na wenzake.

Nyumbani nilimweleza mke wangu nikitazama sakafu. Nilitegemea atanionea huruma, sijui kwa nini nilitegemea hivyo. Aliacha kuchambua mchele.

"Ukanyamaza?"

"Watu walikuwa wengi."

"Wewe? Watu wakiwa wengi wewe si ndiyo unaongeza sauti?" Akaendelea kuchambua, kisha akaacha tena. "Mimi nilikuuliza mtoto anakuja lini, nikatenga na mkeka. Ukasema korosho zikiisha. Una shamba gani la korosho wewe?"

Sina hata mche. Nilikuwa nikisema korosho kwa sababu kila mtu huku husema hivyo anapotaka kuahirisha jambo, na neno hilo likisemwa hakuna anayeuliza zaidi. Nyumba yetu ni chumba na sebule, watoto wetu wanalala sebuleni, na nilikuwa naogopa tu. Naogopa mdomo mmoja zaidi, naogopa kuwa mtu ambaye kweli anategemewa. Kusema mimi ni mjomba kulikuwa kutamu. Kuwa mjomba kulikuwa kazi.

Nilishona sare zile nikiwa kimya, mpaka wateja wakauliza kama nimefiwa. Yake niliiweka ya mwisho. Nikakata sketi ya bluu, nikapiga marinda, na nilipofika chini nikaacha upindo mpana sana, mpana kuliko tunavyoacha kwa wateja wa kawaida, ili iteremshwe akikua. Kisha nikafikiri ni nani atakayeiteremsha huko kituoni, na nikaona haya hata mbele ya cherehani. Mara kadhaa nilitoka hadi kona ya barabara nimwone afisa ofisini kwake nimwambie faraghani, mlango ukiwa umefungwa. Hiyo ndiyo njia niliyokuwa naitaka: isemwe faraghani, nionekane mwema bila mtu kuona nilivyokuwa. Kila mara nilirudi kibandani.

Siku ya kugawa nilipanda gari la shirika pamoja na marobota. Hakuna aliyenilazimisha, mafundi huwa hawaendi. Mpapura walikuwa wametandaza turubai kwenye uwanja wa shule. Viongozi wa kijiji walikaa kwenye viti, watoto kwenye mikeka, walezi nyuma. Utaratibu wao ni kuita mtoto mbele, mlezi wake anatoka kusimama naye, wanapokea sare, wanapigwa picha, watu wanapiga makofi.

Mama mdogo alikuwa ameketi pembeni, uso ameuelekeza kwenye jua. Nilikuwa nasalimiana na mtu mwingine kabisa aliposema, "Hiyo sauti ya nwanangu." Nikamwendea, nikachuchumaa. Akanipapasa uso. Nilisubiri anitukane, nilikuwa nahitaji kutukanwa.

"Unakula vizuri? Nke wako hajambo?"

"Hajambo, mama."

"Haya. Kazi nyingi, najua." Na alisema hivyo akiamini.

Wakaitwa watoto. Mmoja mmoja, shangazi huyu, bibi yule, mama wa kambo, wote wakatoka. Ilipofika zamu yake alitembea peke yake hadi mbele, akasimama na gauni langu lililombana. Afisa akachukua kipaza sauti. Akasema mtoto huyu anakwenda kuanza maisha mapya kituoni, na kwa kuwa hana ndugu wa kumpokea, tumpigie makofi ya kumtia moyo.

Makofi yakaanza. Nayasikia mpaka leo. Watu wazima, baadhi yao wa ukoo wangu, wanapiga makofi kwamba mtoto wetu hana mtu.

"Yupo," nikasema.

Haikusikika. Mimi ninayesikika mpaka soko la samaki. Nikasimama, nikasema tena, na makofi yakakatika vipandevipande.

"Fundi?" Afisa aliduwaa. "Yupo nani?"

"Njomba wake yupo. Ni mimi."

Alinikazia macho na nikaona baraza yote inampitia kichwani: hotuba yangu, mtoto aliyenyoosha mikono, futi mdomoni. Kicheko chake cha karibu kilikwenda mbali. Nyuma yangu mtu akaguna, mwingine akasema kwa Kimakonde jambo ambalo sitaliandika. Nilitamani ardhi inimeze, na haikunimeza.

Afisa alishusha kipaza sauti, akapiga magoti mbele ya mtoto. "Unamfahamu huyu?"

"Ndiyo."

"Ni nani?"

Mtoto aliniangalia. Safari hii hakuwa ananisitiri, kila kitu kilikuwa wazi mbele ya kijiji kizima, na hakukuwa na kilichobaki cha kusitiri.

"Ni fundi," akasema.

Mama mdogo ndiye aliyepaza sauti kutoka pembeni: "Njomba wake huyo! Ntoto, sema kweli!" Lakini mtoto alikuwa amesema kweli, na mimi nilijua.

Afisa akamuuliza kama anataka kwenda kwangu au kituoni, na akamwambia hakuna atakayemlazimisha. Mtoto akanigeukia, akaniuliza mimi: "Bibi naye atakuja?"

Chumba na sebule. Nikasema ndiyo. Sikumuuliza mke wangu, sikutaja korosho.

Hakutabasamu. Akapokea sare yake, akaenda kumshika bibi mkono.

Sasa wako kwetu. Mama mdogo analala chumbani na mke wangu, mimi nimehamia sebuleni na watoto, na nakoroma mpaka wananirushia kandambili. Shirika linaendelea kuwalipia bima, na afisa huja kukagua. Huongea na mke wangu kwanza, kisha na mtoto, mimi husalimiwa mwisho. Ni haki yake. Kazi ya sare mwaka huu amepewa fundi mwingine.

Mtoto hana neno baya na mimi. Anacheka na binamu zake, anamwita mke wangu mama, kamwita hivyo tangu wiki ya kwanza. Mimi ni fundi. Fundi, chakula tayari. Fundi, kuna mteja. Mke wangu aliwahi kutaka kumrekebisha, nikamzuia. Jina la njomba nililitangaza mwenyewe matangani na barazani, bure. Hawezi kunirudishia kwa sababu tu nimemlaza kwenye mkeka wangu.

Juzi sketi ilikuwa imempanda juu ya magoti, akaileta kibandani wakati nina wateja. Nikafumua upindo ule mpana, nikauteremsha, nikamwambia aivae asimame nione kama umekaa sawa. Akasimama, mikono ameinyoosha pembeni bila kuambiwa.

"Imetosha?" nikamuuliza.

"Imetosha, fundi."

Mteja mmoja akauliza kama huyu ni binti yangu. Nikasubiri aseme yeye. Alikuwa ameshachukua mkoba wake, anakimbia shule.