Wageni wa Mheshimiwa

Siku niliyoingia bungeni nilinyang'anywa getini mkoba, simu, mwavuli na kichupa cha mafuta ninayojipaka magoti. Askari wa kike, binti mstaarabu, akanipapasa kiunoni akakuta kifundo kwenye pindo la khanga.

"Bibi, shikamoo tena. Hii nini?"

"Tambuu, mwanangu."

"Humo ndani hakuliwi, bibi."

Nikamwachia. Nilikuwa bado nina adabu zangu zote wakati ule.

Tulikuwa wanawake kumi na wawili, sare ya kitenge cha bluu, mie kiongozi wao. Tumetoka Dar ya pembeni, kule ambako lami inafika kituoni halafu inageuka kama imesahau kitu mjini. Jimbo silitaji. Kila jimbo lina wa kwetu.

Na hatukwenda Dodoma kutalii. Tulifuata paa.

Zahanati ya mtaani kwetu ina nesi, ina dawa zikiwepo, haina chumba cha kuzalia. Mwanamke akishikwa uchungu anazalia nyuma ya pazia, kwenye chumba cha sindano, huku upande wa pili mtu anasubiri kufungwa kidonda na anasikia kila kitu. Tulipolalamika tukapewa jibu ambalo kila Mtanzania analijua: nyie anzeni kwa nguvu zenu, inueni boma, serikali itapaua. Tukainua. Kila Jumamosi, mwaka mzima. Sijasoma zaidi ya darasa la nne, lakini niulize nani alibeba maji ya kukorogea zege na nani alijifanya kiuno kinamuuma, nitakutajia mmoja mmoja. Saruji tuliichangishana mfuko mfuko, kuta zikasimama, lenta ikafungwa. Tukakaa tukasubiri hiyo serikali na bati zake.

Ikapita masika, ikapita vuli, ikaja masika nyingine. Nyasi zikaota ndani. Mbuzi wa jirani yangu akaingia humo akazaa mapacha. Yeye ndiye mzazi wa kwanza wa wodi yetu.

Sasa mjukuu wangu mkubwa, niliyemlea tangu anatambaa, akawa na mimba yake ya kwanza. Nesi akaniita pembeni. "Bibi, sikufichi. Mimba za kwanza sizizalishi tena nyuma ya pazia, nimeshaponea chupuchupu mara mbili. Paa likipatikana, namzalisha mwenyewe. Lisipopatikana mtampeleka hospitali kubwa, na mwombe uchungu usiwakute kwenye foleni ya magari." Hakuniambia jambo geni. Mwanamke wa nyumba ya tatu kutoka kwangu kazalia kwenye bajaji, mwendesha bajaji ndiye kashika kichwa cha mtoto.

Kwa hiyo katibu wa mbunge alipokuja kutuambia mheshimiwa atalisemea boma letu kwenye bajeti ya wizara yenyewe, na anataka tuwepo ili atuonyeshe kwa mkono, mie nilikuwa wa kwanza kuandikisha jina. Mimba ilikuwa ya miezi mitano. Nikapiga hesabu: likisemwa sasa, likipitishwa sasa, bati zitafika kabla ya mtoto. Mtu mzima mie, nilipiga hesabu hiyo na nikaiamini.

Basi dogo la Costa lilitupakia stendi ya Mbezi Luis alfajiri. Tuliimba mpaka Chalinze, tukasinzia mpaka Morogoro, tukafika Dodoma miguu imevimba.

Asubuhi ya bungeni ilianza kwa kutambulisha wageni. Wageni wa mheshimiwa fulani, simameni. Wanasimama, wanapunga, wanapigiwa meza. Wanafunzi, kwaya, timu ya mpira, madiwani, mke wa mheshimiwa, shemeji wa mheshimiwa. Nikaona hapa tumekuja kwenye kipaimara. Na sie tukasimama, tukapunga. Mwenzangu muuza vitumbua, aliyekaa kulia kwangu, akapunga mikono yote miwili kama anafukuza kunguru.

Halafu wakaanza kuchangia. Nilikuwaga nikiwasikia redioni nadhani nyumbani ndiyo sielewi kwa sababu ya kelele za watoto. Kumbe hakuna cha kuelewa. Kila aliyesimama alimshukuru Mungu, akawashukuru wakubwa wake kwa kupanga foleni ya vyeo, kila mmoja na sifa zake, akaishukuru familia, akashukuru afya yake mwenyewe. Nimezaa watoto sita, na aliyenizalisha wa mwisho, mguu umetangulia, sikuwahi kumshukuru namna ile. Mtu akiomba barabara, wanapiga meza. Akiomba maji, wanapiga meza. Akitokea wa kuwaambia fedha hazitoshi, naye wanampigia meza. Mmoja chini yetu kidevu kilikuwa kimelala kifuani, na meza zikilia mkono wake unainuka, unapiga, unarudi kulala. Mkono ulikuwa macho peke yake. Na meza zenyewe mbao tupu, nzito, zimekatwa vizuri. Nilizitazama nikaona kenchi za paa la wodi yangu zimekaa pale zinapigwa makofi.

Mchana ukafika wa kwetu. Dakika zake kumi.

"Naunga mkono hoja mapema kabisa, nisije nikasahau," ndivyo alivyoanza. Muuza vitumbua akaninong'oneza, "Sasa huyu kashakubali bei kabla hajamfunua samaki mashavu?" Nikamfinya anyamaze. Mheshimiwa akashukuru juu, akashukuru chini, akampongeza waziri, akampongeza naibu wa waziri, akasimulia walivyosoma pamoja. Nilikuwa natazama saa kubwa ya ukutani. Saa naijua, hiyo haikuhitaji darasa la tano.

Hatimaye akainua mkono upande wetu. "Na pale juu nina mama zangu! Majembe! Hawa ndio walioniagiza, wakiongozwa na mama yangu kipenzi..." akanitaja kwa jina langu na la baba yangu.

Kwetu Pwani ukitajwa hivyo mbele za watu ukanyamaza, umemsusa aliyekutaja. Ni kama amekupa mkono ukauacha hewani. Bibi yangu asingenisamehe kaburini. Nikapiga kigelegele. Si cha kuibia. Kile cha kutoa bwana harusi ndani. Na kigelegele hakiachwi kikafa peke yake, wenzangu kumi na mmoja wakakipokea.

Ukumbi mzima ukageuka. Aliyekalia kiti akagonga. "Wageni! Wageni huko juu! Humu ndani hatupigi vigelegele. Huu ni ukumbi wa Bunge."

"Mheshimiwa Mwenyekiti, uwasamehe mama zangu," mbunge wetu akasema, anacheka. "Watu wa Pwani hao, furaha yao haina breki."

Mwingine akasimama. "Taarifa, Mheshimiwa Mwenyekiti! Nampa taarifa mchangiaji kwamba hao hata matangani wanapiga."

Kicheko. Meza. "Unaipokea taarifa hiyo?" "Naipokea kwa mikono miwili!" Kicheko tena, meza tena. Kengele ya kwanza ikalia. Akafunua karatasi yake. "Sasa Mheshimiwa Mwenyekiti, nije kwenye hoja yangu. Tuna zahanati..."

Kengele ya pili.

"Ahsante Mheshimiwa, muda wako umekwisha."

"Naunga mkono hoja. Mengine nitaleta kwa maandishi."

Akakaa. Muuza vitumbua akanigeukia. "Kaisema?"

"Kasema zahanati."

"Zahanati ya wapi?"

"Hakufika huko."

Dakika ile ya kigelegele niliila mie, sikatai. Nimeibeba mpaka leo, na mtu asinifariji. Lakini kumi zilikuwa zake, na saba alishazitafuna kabla hajainua mkono kwetu. Mwanamume mzima amebeba mzigo wetu njia yote, akafika mlangoni akashindwa kugonga hodi kwa sababu alikuwa anasalimiana na mlinzi.

Nje alitutafuta, suti inang'aa, tukapiga naye picha, tukapewa soda na chipsi kuku. "Mama zangu, leo nchi nzima imewaona!"

"Sie tumeonekana," nikamwambia. "Boma je?"

"Mama, usiwe na hofu. Kuandika kuna nguvu kuliko kusema. Leo leo naandika napeleka. Waziri atakapojumuisha, akijibu hoja zote mwishoni, atawataja wote walioandika, utanisikia."

Wenzangu wakapumua. Na mie nikapumua, nikala chipsi.

Siku ya kujumuisha tulijazana kwa muuza vitumbua, yeye ndiye mwenye televisheni kubwa. Mjukuu wangu kakaa mkekani, kaegemea ukuta, tumbo mbele. Waziri akasema atawatambua waliochangia kwa kusema. Jina la wetu likasomwa, wanawake wakanitazama. Nikawaambia bado, hiyo ya kusema tulikuwepo. Akaja kwenye walioandika. Akasoma jina, akasoma jina. Mtu anasoma majina mpaka chai inapoa. Akafunga karatasi, akasema maboma yote nchini yatakamilishwa kadiri fedha zitakavyopatikana.

"Bibi," mjukuu akasema taratibu, "hayumo."

"Labda wamemruka."

"Hayumo, bibi. Nimesikiliza moja moja."

Nikampigia palepale, simu kwa sauti ya nje wote wasikie.

"Mama yangu kipenzi, shikamoo!"

"Marahaba. Karatasi uliandika?"

"Mama, nilimwachia katibu wangu aishughulikie."

Nikampigia katibu. Katibu anajua mheshimiwa alipeleka mwenyewe. Ikawa kama mkeka mmoja ulioanikwa uani, kila mtu anadhani mwenzake ndiye kaukunja, na mvua inanyesha. Nilipokata simu, kwenye televisheni walikuwa wanaulizwa wanaoafiki waseme ndiyo. Wakasema ndiyo, ukumbi mzima kwa mdomo mmoja, kama darasa la chekechea limeulizwa kama limeshiba. Na wa kwetu nilimwona kwa macho yangu, kesharudi kitini, anasema ndiyo, simu niliyompigia bado ina joto mkononi mwake.

Sikulia. Nilirudi kwangu nikapanda kwenye stuli nikaanza kung'oa bati za jiko langu la uani.

Mjukuu akapiga kelele, "Bibi utaanguka!"

"Shika hapo, acha kupiga kelele."

Muuza vitumbua aliponiona akatukana tusi moja zito, akaenda kuezua banda lake la kuku. Kufika Jumamosi tulikuwa na bati za kila rangi: zenye kutu, zenye masizi, moja ina tangazo la soda. Fundi akasema kwa hizo na mbao tulizookoteza anaweza kuziba chumba kimoja tu, basi. Tukamwambia azibe cha kuzalia. Nesi akaja akatazama juu, akatazama chini, akasema nileteeni ndoo, tambara la deki na kitanda.

Miezi yake ilipotimia, mjukuu wangu alizalia humo, adhuhuri, mvua ya rasharasha inagonga zile bati. Mtoto wa kike, mdomo mkubwa kama wangu. Kona moja karibu na dirisha ilivuja, tukaweka sufuria. Vyumba vingine vitatu bado vinatazama mbingu.

Hazikupita wiki mbili katibu akaja na gari, na kijana wa kamera. Kabeba kibao kikubwa kimechorwa vizuri, picha ya mheshimiwa anatabasamu, kinasema chumba kimeezekwa kwa juhudi zake. Anataka tusimame chini yake na sare zetu.

Nikakigonga kwa ukucha. "Hiki ni cha bati?"

"Bati, mama. Tena geji nzito, hakishiki kutu."

"Kilete," nikamwambia, nikamgeukia fundi wetu aliyekuja kuchungulia gari. "Fundi, panda juu. Kuna kona inavuja."