Zamu ya Kuwa wa Kwanza

Nilitoka kazini miguu imejaa, nawaza kitu kimoja tu: mkeka. Uuguzi ni kazi ya kusimama, na mimi si msichana tena. Nyumbani Likombe, huku mjini, nikamkuta dada yangu sebuleni. Alikuwa ametoka kijijini Mpapura tangu asubuhi na kiroba cha mihogo, amekaa chini na binti yangu wanatazama katuni.

Nilijua kilichomleta. Alishanipigia simu: anataka binti yake ahamie kwangu, asome shule ya mjini, darasa moja na wangu. Jibu nilikuwa nalo tayari, nalo ni hapana. Binti yangu tangu darasa la kwanza hajui nafasi ya pili inafananaje, na huyo wa dada nasikia ana kichwa kikali kuliko yeye. Nimeshakulia katika nyumba ya namna hiyo. Sina nguvu ya kusimamia nyingine.

Katuni nayo, kama kunichokoza, ilikuwa habari hiyo hiyo. Msichana aliyezoea kuongoza darasa anapata mgeni anayemshinda. Anaona wivu, anamfichia mwenzake daftari, anagunduliwa, analia, wanakumbatiana. Yote hayo kabla ya matangazo. Nikasonya. Waliotunga hawajawahi kuishi na wake wenza.

Mimi na dada ni baba mmoja, mama mbalimbali. Tulizaliwa mwaka mmoja tukaanza shule pamoja, na mama zetu, waliogawana mume na uwanja, wakapigana vita vyao kupitia madaftari yetu. Siku ya kufunga shule ilikuwa kiama. Mama wa mshindi alipiga vigelegele mpaka barabarani, akavaa kanga yenye kijembe, kisha akatwanga kinu kitupu ili mwenzake asikie vizuri. Mtoto wa aliyeshindwa alipelekwa kupalilia mihogo, akisindikizwa na matusi. Wapiganapo tembo nyasi huumia, na nyasi tulikuwa sisi.

Tulichoka mapema. Darasa la nne, tukiokota korosho, tukapatana: muhula huu wewe, muhula ujao mimi. Ambaye si zamu yake aliacha maswali ya mwisho ya hesabu bila kujibu. Mama zetu hawakugundua, na mwalimu akatusifu kwa kufukuzana kwa alama. Nyumba ikapumua kidogo, maana hakuna mama aliyeshindwa mara mbili mfululizo.

Mtihani wa darasa la saba nikachaguliwa mimi, yeye akaachwa. Nafasi za sekondari zilikuwa chache wakati ule, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Mama yangu alishona gauni jipya. Dada akaolewa, akalima mikorosho. Sikuwahi kumwuliza, nikiogopa kumtonesha kidonda.

Matangazo yalipoanza binti yangu akatoka kwenda dukani. Dada bado alikuwa anacheka.

"Wajinga hawa," akasema. "Si wangepeana zamu tu?"

Na mimi nikacheka. Halafu, nadhani ni uchovu, swali likanitoka: "Dada, ule mtihani wa la saba ulikushinda wapi?"

Akanitazama kwa mshangao. "Ulinishinda? Hesabu zilikuwa nyepesi zile. Lakini ilikuwa zamu yako."

Nilidhani mtihani ule haukuwamo katika mapatano yetu. Nilidhani hata mtoto angelijua hilo bila kuambiwa. Niliandika kila nilichokijua, nikiamini kwamba na yeye, upande wa pili wa chumba, anafanya hivyo hivyo. Kumbe alikuwa ameshaweka kalamu chini. Nilishikwa na hasira na sikujua niipeleke kwa nani: kwake, kwa mama zetu, au kwa baba aliyekuwa akikaa barazani akijifanya hasikii kinu. Miaka yote nilijiona nimeshinda. Machozi yakanitoka, na sikuwa na nguvu hata ya kuyafuta.

"Mlete," nikamwambia. "Shule zikifunguliwa awe hapa."

Hakushukuru. Aliinuka, akachukua kisu na mihogo yake aende uani kumenya. Mlangoni akageuka.

"Ila ntoto wangu usimwambie habari za zamu. Na wako pia. Kila ntu aandike anachojua."