Makuti Chini ya Bati

Nilitoka Tunduma alfajiri, nikabadilisha basi Chalinze, nikafika Tanga miguu imevimba. Boti ya Pemba ikaahirishwa siku mbili. Ya tatu nikavuka, nikashuka Wete, nikapata gari la Kiuyu, kijijini kwetu. Njia nzima nilikuwa naiwaza nyumba. Niliijenga kwa jasho la Muscat, matofali ya saruji na bati jekundu, na sikuwahi kulala ndani yake zaidi ya wiki mbili. Kote nilikopita, Salalah, Nampula, Tunduma, nikiulizwa kwetu ni wapi, nilikuwa naieleza nyumba ile.

Nilipiga hodi mlango wa mbele, kimya. Nikazunguka nyuma. Mama alikuwa amejilaza kwenye mkeka jikoni, kile kibanda chetu cha udongo na makuti, kichwa karibu na mafiga.

"Lini umekuja weye?"

"Sasa hivi, mama. Shikamoo. Mbona umelala huku?"

"Marahaba. Napumzika tu."

Dada yangu, anayeishi naye, alikuwa anatua ndoo ya maji. "Anapumzika tangu mwaka juzi," alisema. "Ndani mchana hakukaliki. Kanikataza nisikwambie."

Mama alikuwa na presha, na joto la kaskazi iliyopita, miezi ya jua kali, lilimwangusha mara mbili. Mara ya pili walimchukua hospitali hajitambui. Sasa vuli ilikuwa inaishia. Nikajiambia kwamba kabla jua halijakaza, lazima nimpate fundi wa kuifanya ile nyumba ikalike.

Nilianza na fundi mmoja wa Jadida, mjini Wete. Aliingia chumbani kwa mama, akatoka anafuta shingo. "Weka eyasii, bosi."

"Kiyoyozi? Umeme ukikatika?"

"Si utarudi?"

Halafu nikasoma kwenye simu habari za nyumba zinazolitumia jua lenyewe kurekebisha joto, bila mashine. Nikaipeleka habari ile kwa kijana mmoja mchora ramani, akanichorea chumba kizuri mno cha kuongeza ubavuni. Niliikunjua ile ramani mbele ya mama kama mtu aliyeleta cheti cha kufaulu.

"Kioo chote hiki cha nini?" aliuliza.

"Cha kuingiza jua, mama. Likae kwenye sakafu."

Alinitazama kwanza, kisha akamgeukia dada. "Mie nalikimbia jua mpaka jikoni, huyu analijengea chumba!"

Dada alicheka mpaka akakaa chini. Ilikuwa nyumba ya watu wa nchi za baridi, na si mimi wala yule kijana aliyeliona hilo.

Watu wakanielekeza kwa mzee mmoja wa kisiwa cha Kojani, mwezekaji makuti wa zamani. Nilivuka kumfuata. Hakutaka kusikia chochote kuhusu kazi mpaka ashinde kwetu siku moja. Akaja asubuhi, akatandika mkeka wake kando ya wa mama. Mama alipohama, naye akahama. Asubuhi walikaa kivulini upande wa magharibi wa nyumba, adhuhuri jikoni, alasiri upande wa mashariki, wakihadithiana habari za watu waliokwisha kufa. Mimi nilikuwa nazunguka uani, sijui kama nimeleta fundi au mgeni.

Baada ya alasiri aliingia chumbani, akaweka kiganja ukutani.

"Ukuta huu wanywa jua mchana kutwa, usiku hulitapika," alisema. "Dirisha hili la magharibi lizibwe. Tufungue jengine upande wa kibla, upepo wa kaskazi uingilie huko. Na bati litoke, niezeke makuti."

"Bati halitoki," mama alisema kutoka mlangoni.

"Bi mkubwa, utapoa."

"Halitoki. Siku linapandishwa, Kiuyu nzima ilikuja kutizama. Leo niezuliwe, waseme mwanangu kafilisika?"

Nilimsihi. Nilimwambia waseme watakavyo, nisije nikamzika kwa sababu ya bati. Fundi akauliza kama anaweza kuweka makuti juu ya bati. Mama akasema hiyo ni aibu mara mbili.

Mzee alitazama juu. "Chumbani kwako, Bi mkubwa, nani huingia?"

"Mie na Mola wangu."

"Basi makuti tuyafunge ndani, chini ya bati."

Mama akafikiri. "Hayatoonekana?"

"Mpaka mtu alale kitandani kwako."

"Astaghfirullah, mzee mzima!" alisema mama, lakini alikuwa anacheka, na nikajua amekubali.

Tulifanya kazi siku tisa. Fundi alitoboa matundu juu ya ukuta ili moto wa bati upate pa kutokea, mimi nikimshikia fito na kamba. Kaskazi ikaingia. Adhuhuri ya kwanza mama alilala ndani mpaka alasiri, nami nimekaa kizingitini nasikiliza pumzi zake, naogopa. Aliamka akadai chai.

Majirani waliokuja kumtazama walishangaa ubaridi ule. "Bati la Muscat hilo," aliwaambia. "Si kama hayo yenu." Mmoja akamtuma mumewe aniulize ni bati aina gani. Nilisema nimesahau. Nilipomhadithia fundi, hakucheka. "Basi Kiuyu sitapata kazi nyengine," alisema.

Kaskazi nzima mama hakuanguka hata mara moja. Alifariki masika, kwa homa ya siku nne.

Nilikusudia kubaki. Baada ya arubaini, dada alihamia chumba kile, na wiki haikuisha akamleta yule fundi wa Jadida na mbao za jipsam za dari.

"Makuti mama yalimfaa," dada alisema. "Mie yananimwagia vumbi kitandani, na panya juu."

Nikamwambia angoje kaskazi nyengine aone.

"Na weye, kaka? Wakaa, au wapita?"

Nikaona kwamba mpitaji hana la kusema juu ya dari ya mwenzake. Asubuhi waliyoyashusha nilikuwa nimeshafunga begi. Makuti yalitoka mazima, makavu, hayajapata tone la mvua. Dada hakutaka yatupwe, akaezekea jiko. Nilimsaidia kufunga safu za chini mpaka bodaboda ya Wete ilipofika. Nilipogeuka kutazama, bati lilikuwa limeanza kumeta, na mlango wa jiko uko wazi, ndani hamna mtu.