Nilivyomzika Dakta Chilongani

Jamani, mpaka leo kuna watu Dodoma hii wakiniona sokoni wananiuliza, "Mama Zuhura, leo umezika nani?" nami nacheka nao, nifanyeje, aibu yenyewe niliitafuta kwa mikono yangu.

Enzi zile za soko huria nilikuwa natunza kumbukumbu kwenye hifadhi moja ya tafiti pale mjini, mahali pa wazi, mkulima, mwanafunzi, mfanyabiashara, yeyote anaingia anasoma bure, na kila andiko lina kadi yake: nani kaandika, lini, na anapatikana wapi. Kanuni ilikuwa moja, kadi haibadilishwi bila maandishi ya mwandishi mwenyewe au ofisi yake (kanuni niliitunga mimi, nikaibandika ukutani mimi).

Asubuhi moja Kasanda, dereva wetu, akarudi kutoka Hombolo uso umemnyong'onyea. "Dakta Chilongani katutoka. Tumemzika jana, jeneza lilikuwa fupi, miguu ikabidi tuikunje."

Hapo kwenye miguu ningeshtuka, mtu mzima mimi! Kasanda Mnyamwezi, Dakta Mgogo, watani hao, kuzikana kwa maneno ndiyo salamu yao. Lakini Dakta tulimpenda, alikuwa mtafiti wa zabibu, mpole mno, basi nikaanza kulia, na huku nalia nikavuta taipureta nikagonga MAREHEMU kwenye kadi zake zote. Wiki ileile wakubwa wa kilimo wakaomba majina ya watafiti wa zabibu, mmoja apewe shamba la majaribio. La Dakta nikaliacha, maana marehemu halimi.

Siku ya kukabidhi shamba, ukumbini kwetu, nikasimama mbele ya wageni nikaomba tumkumbuke mwenzetu kwa dakika moja. Vichwa vikainama. Mlango ukafunguliwa, mtu kachelewa, akavua kofia akainama na sisi, kisha nikamsikia akimnong'oneza jirani yake.

"Msiba wa nani?"

"Wa Dakta Chilongani."

"Chilongani yupi?"

Nikainua macho. Yarabi! Nilikaa chini pasipo na kiti, ukumbi mzima ukaangua kicheko, Kasanda akatorokea dirishani.

Dakta hakucheka. Shamba lilikuwa limeshasainiwa kwa mtu mwingine, na yeye miche yake aliiotesha kwa ajili ya shamba lile.

"Nisamehe, Dakta," nikasema. "Kasanda ndiye aliyeniambia."

"Kasanda ni mtani wangu, mama. Ana ruhusa ya kunizika kila siku. Wewe ruhusa kakupa nani?"

Kesho yake akaleta barua, kwa kuwa kanuni ilikuwa bado ukutani: "Mimi niliyetajwa hapo juu ni mzima. Naomba kadi zangu zirekebishwe."

Kadi nilizirekebisha palepale. Miche yake ikakauka kwenye vifuko kwa kukosa pa kupandwa, na hilo linaniuma kuliko kicheko chote cha ukumbini. Tangu hapo, hata uje umebeba jeneza begani, nitakuuliza kwanza: maandishi yako wapi?