Kibao cha Ibara ya Tisa

Kazini walimwita Bwana Mabano, na jina lilimkaa. Kwa miaka mitatu wizara ya afya ilikuwa ikimtuma kwenye mkutano wa mataifa, kuandika mkataba wa kujiandaa na magonjwa ya mlipuko na kuwajibishana yakitokea. Huko, sentensi isiyokubaliwa na wote hufungiwa ndani ya mabano mpaka watu wachoke. Yeye hakuwa anachoka. Neno moja tu angelibishania tangu chai ya asubuhi hadi wakalimani wakaukwe na koo.

Ibara ya tisa ndiyo iliyokuwa yake. Ilisema mhudumu wa afya atakayetoa taarifa ya ugonjwa mpya asiadhibiwe. Sababu alikuwa nayo nyumbani. Dada yake, muuguzi, ndiye aliyepiga simu mkoani homa ilipoanza wodini kwake, wakubwa wakiwa bado wanajadiliana kama homa ipo. Shukrani yao ikawa kumhamishia stoo ya mashuka, na huko yuko mpaka leo.

"Mdogo wangu," alimwambia siku ya safari ya mwisho, akimkunjia mashati, "mimi yameshanipita. Waangalie wanaokuja."

"Dada, hiyo niachie mimi."

Alisema hivyo kifua mbele, kama ilivyo kawaida yake.

Siku ya mwisho wajumbe walikuwa hoi, wengine wamevua viatu chini ya meza. Mwenyekiti akapendekeza ibara ya tisa ifutwe ili kazi iishe.

"Kuna mwenye pingamizi?"

Kupinga kule hakuna jasho. Unasimamisha kibao chenye jina la nchi yako, basi. Ukikiacha kimelala, umekubali. Bwana Mabano alikishika chake. Hakuna bosi aliyemkataza, wala hawezi kumsingizia mtu. Ila mbele yake aliketi mama mmoja mjumbe, ulimi wembe, ambaye juzi yake tu alimuuliza mwenzao hadharani, "Na kwenu, waliosema mliwafanya nini?" Akaliona swali hilo likimgeukia yeye, na stoo ya mashuka ikitajwa mbele ya ukumbi mzima. Akaona haya. Alimwonea haya dada yake mwenyewe, aliyemkunjia shati alilolivaa. Akakiachia kibao.

Nyundo ya mwenyekiti ikagongwa. Watu wakapiga makofi, wakakumbatiana, naye akakumbatiana nao.

Dada alimpokea mlangoni, mikono inanukia sabuni ya kufulia. Alikuwa ameshaonyesha nusu ya mtaa picha ya makofi yale kwenye simu.

"Haya, niambie. Ya tisa imepita?"

"Wameifuta, Dada."

"Wameifuta," alirudia, akakaa. Kisha akammiminia chai, akamshika bega. "Pole. Peke yako ungewaweza wapi?"

Bwana Mabano, bingwa wa maneno, aliinama akaanza kufungua begi. Humo dada akakiona kile kibao, maana wajumbe waliruhusiwa kubeba vyao kama kumbukumbu.

"Na hiki cha nini?"

"Ukitaka kupinga, unakisimamisha."

"Ahaa! Kumbe ndicho ulichonisimamishia."

Alikifuta vumbi kwa ncha ya kanga, akakisimamisha juu ya kabati la vyombo, pale ambapo kila mgeni angekiona. Bwana Mabano akasema chai yake imepoa, akatoka nje.