Vumilia Hakufungwa

Dada yangu Vumilia alikuwa na sauti ya biashara. Pale sokoni alipokuwa akiuza karanga na michembe, vile viazi vitamu vya kukatwa na kuanikwa, mteja hakuwa na haja ya kumtafuta kwa macho. Aliwatania wanaume kwa Kisukuma, aliwaita watoto wa watu "mume wangu", akishapima karanga anaongeza kiganja kimoja juu. Naanza na hayo makusudi, kwa sababu ukoo wetu siku hizi unamsimulia kana kwamba alizaliwa akitetemeka, na hilo linanichefua.

Ugonjwa ulianzia puani. Siku moja dagaa waliungua jikoni mpaka moshi ukatoka nje, naye amekaa pale pale anamenya viazi, hasikii harufu yoyote. Tulicheka. Nani angejua? Baadaye kisu kikawa kizito mkononi mwake. Viazi alivyokuwa akikata huku anapiga soga vikaanza kumchelewesha mpaka jua la kuanikia linampita. Bega la kulia likakaza. Akitembea, mkono huo haupungi, umening'inia tu. Halafu ukaanza kutetemeka, na cha ajabu ulitetemeka ukiwa umepumzika mapajani. Akishika kitu, unatulia. Mwisho uso ukaganda na sauti ikashuka. Wateja, waliozoea kumwita Mama Blessing, wakasema ana maringo siku hizi, nyumba mpya imempanda kichwani.

Nyumba hiyo ndiyo iliyotuletea balaa. Mume wake, shemeji yangu Marselino, ni mchimbaji wa dhahabu kule Geita. Kwa miaka mingi alishinda maduarani, yale mashimo ya machimbo, akirudi na vumbi na kikohozi. Kisha duara lao likatema dhahabu, akajenga mtaa wa Kambarage mjini, akaezeka bati la rangi. Bati linapanda, mkono wa mkewe unatetemeka. Huku kwetu hapo hakuna anayeuliza swali lingine. Mchimbaji akipata ghafla na mtu wa nyumbani kwake akadhoofika, watu wanasema amefanya ndagu: amekwenda kwa mganga akamtoa mtu wake, nguvu na akili yake vikafungwa huko ili dhahabu itoke. Na aliyefungwa wanamweleza hivi: hacheki, anajikokota, sauti haitoki, udenda unamtiririka. Yaani wanazijua dalili zote za ugonjwa wa dada yangu, ila ugonjwa wenyewe ndio hawautaki.

Marselino hakukaa kimya. Alimzungusha kutafuta tiba. Mwenye duka la dawa mmoja alisema ni zebaki, mume si mchimbaji bwana, wala hakumgusa hata mkono. Mwingine alimuuliza kama anakunywa gongo. Vumilia, ambaye hata togwa ikichachuka anaikataa! Nilimwambia yule bwana maneno ambayo sitayaandika hapa.

Tulipofika hospitali ya rufaa Mwanza, daktari bingwa wa mishipa ya fahamu alimwambia agonganishe kidole gumba na cha shahada haraka haraka, ainuke kitini, atembee, ageuke. Akamkunja kiwiko akisikiliza kinavyokataa. Akamuuliza kama amewahi kuchoma dhahabu kwa zebaki nyumbani. Hajawahi. Ndipo akatueleza kwamba huu ni ugonjwa wa Parkinson. Ndani ya ubongo kuna chembe zinazotengeneza kemikali ya kusaidia amri ya ubongo kuendesha misuli vizuri. Chembe hizo zinakufa polepole, kimya kimya, na mtu anapoanza kutetemeka nyingi zimeshakwenda.

"Nini kinaziua, daktari?" nikauliza.

"Kwa wengi hatujui, mama. Umri unachangia. Familia chache zinaurithi. Dawa za kuulia wadudu pia tunazishuku."

Vumilia akanitazama. Usichanani tulibeba bomba la dawa ya pamba mgongoni, tunapuliza bila hata kitambaa puani, nguo zimelowa. Daktari alisema hawezi kuapa kuwa ndiyo sababu. Lakini mimi nilipandwa na hasira ambayo sikuwa na wa kumpelekea.

Dawa ya kuponya hakuna, alituambia waziwazi. Kuna vidonge vinavyoupa mwili kile ambacho ubongo umeishiwa. Anywe kwa saa, kabla ya chakula. Afanye mazoezi ya viungo. Na asiache ghafla hata kidogo, kwani kuacha ghafla kunaweza kumuua. Akatuonya pia kwamba nguvu ya kidonge ikiisha mwili utakaza, mpaka kingine kifanye kazi.

Vidonge vilimrudisha. Si kikamilifu, lakini alirudi. Nilikuwa nimeketi barazani nikamsikia uani anawatukana kuku walioingia kwenye michembe, nikalia kwa furaha.

Sasa nimfikie kaka yetu Kalisti. Alikuja Kambarage kututembelea, akashuhudia Marselino akimpa mkewe kidonge, na baada ya muda mkewe akainuka akamsalimia vizuri. Jioni, kabla ya kidonge kingine, akamkuta amekwama mlangoni, miguu imegandia sakafuni. Mtu mwenye akili angeuliza. Kaka yangu alinivuta pembeni.

"Umeona? Ufunguo anao yule. Anamfungua akitaka, anamfunga akitaka."

"Ni dawa, kaka. Nilikuwepo daktari alipoeleza."

"Wewe umelishwa maneno."

Nilidhani yameishia hapo, nikarudi kwangu Mwadui. Marselino aliporudi duarani, Kalisti alifika na pikipiki akamchukua dada, eti akapumzike nyumbani, kijijini kwetu ng'ambo ya Kolandoto. Vidonge akavitupa chooni, dada akiona. Akamwita mganga aje amfukize.

Aliyenipigia simu ni mke wake, wifi yetu Klara, ananong'ona kwa woga.

"Wifi, njoo. Dada hamezi hata mate."

Nilimkuta kwenye mkeka nyuma ya nyumba. Mwili umekauka kama gogo, moto wa homa unakuunguza kabla hujamgusa, macho yamekodoka. Kalisti akanisalimu, "Mwangaluka, Esta," kana kwamba nimekuja kula viazi.

"Vidonge viko wapi?"

"Vile ndivyo vilivyomfunga. Mganga amesema uchawi ukitoka lazima mwili ugome."

"Unamuua, Kalisti!"

"Aliyemuua ni mumewe. Huyu mnayemwona si Vumilia."

Nilimsukuma. Kaka yangu mkubwa, nilimsukuma kifuani mbele ya mke wake, na ningekuwa na mchi ningempiga nao. Mimi na Klara tulimbeba dada, jirani akatuazima gari, tukamkimbiza hospitali. Walimpitisha mpira puani, wakamsagia vidonge vile vile wakamtilia humo. Homa ilishuka taratibu, viungo vikalegea kimoja kimoja. Lakini miguu haikurudi ilipokuwa. Alipochukuliwa kwenda kijijini alikuwa akitembea mwenyewe. Sasa hivi anatembea kwa kushikwa.

Ukoo ulikusanyika Kambarage kumpa pole. Kalisti naye akaja, ameleta jogoo. Akakaa kwenye kiti kizuri, akaanza kuwaeleza wazee jinsi mganga alivyoivunja ndagu, kwamba hospitali walimalizia tu kazi ambayo ilikuwa imeshafanyika. Na wazee wanatikisa vichwa kukubali! Marselino, mwenye nyumba, amejiinamia kama mwizi. Nikasimama. Nilikuwa na matusi ya kutosha kijiji kizima.

Vumilia akanigusa mkono nikae. Alikuwa amekunywa kidonge chake, sauti ilitosha kwa wanaotaka kusikia.

"Kaka."

"Naam, dada yangu."

"Nilikuwa nasikia."

Kalisti akatabasamu, akadhani anashukuriwa.

"Pale mkekani. Mwili ndio uliogoma, mimi nilikuwa nasikia yote. Siku za mwanzo nilikuwa bado nameza. Klara aliniletea uji, na wewe ukamwambia auondoe. Ukasema asilishe ndagu, humo ndani hamna mtu."

Klara alijifunika uso kwa khanga. Wazee wakaacha kutikisa vichwa. Kalisti akatazama huku na huku akitafuta wa kumtetea.

"Nilikuwemo," Vumilia akasema. "Nilikuwa na njaa, kaka."